Baba alirudi na namba ya jeshi, baba mdogo alirudi na kipande cha bomu

Mkuu, umeuliza kama waliopigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Idi Amin wa Uganda, waliwaachia watoto wao chochote zaidi ya picha ukutani. Kwetu Tarime, mkoani Mara, waliacha urithi wa aina mbili ndani ya boma moja, maana ndugu wawili walienda vita vilevile kwa milango tofauti. Baba alikuwa askari wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kabla ya vita. Mdogo wake aliingia kama mgambo mwishoni mwa 1978, baada ya ile hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 2, ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo.

Jeshi lenyewe halikuanzia kwao. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR) la mkoloni, Waingereza wakampeleka Burma kwenye Vita Kuu ya Pili. Kiinua mgongo cha wakati ule kilikwenda kwa rangi: Mwafrika alipata karibu theluthi ya alichopata mzungu wa cheo kilekile aliyetumikia muda uleule. Babu alikuwa akisema pesa yake ilinunua ng'ombe na koti, na kati ya hivyo viwili koti ndilo lililodumu. Watu wa Mara wengi mna babu wa namna hiyo. Hata Jenerali David Musuguri wa Butiama, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, alijiunga na Keya mwaka 1942. Ndiyo maana baba alipokwenda kuandikishwa hakuna aliyeshangaa nyumbani.

Vita baba alivitaja kwa majina ya mahali tu: Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya. Basi. Ukimdadisi anaondoka kwenda kuangalia ng'ombe. Lakini jeshi tuliishi nalo kila siku. Kitanda chake kilitazama mlango. Hotelini alikaa mgongo ukutani, na kama meza ya ukutani ina watu, anasubiri au hali. Blanketi lilikunjwa kwa pembe, na sisi watoto tulikaguliwa kucha asubuhi kama makuruta. Shuleni tulikimbia mchakamchaka tukiimba nyimbo za kumtupa Nduli, yaani Idi Amin, awe chakula cha mamba. Siku moja nikauimba mmoja nikiwa nachanja kuni, akaniuliza taratibu, "Wewe umewahi kumwona mtu akiliwa na mamba?" Sikuuimba tena nyumbani.

Baba mdogo alikuwa kinyume chake kabisa. Akishapata pombe mbili tatu, kilabu kizima kinavuka Mto Kagera pamoja naye. Mbwa wake alimwita Amin. Alirudi na kipande cha bomu pajani, na msimu wa baridi ulipoingia alichechemea mpaka unamhurumia.

Mama naye asisahaulike. JWTZ lilikaa Uganda mpaka 1981, na huku nyumbani ilikuwa ile miezi 18 ya kufunga mikanda tuliyoombwa na Mwalimu baada ya vita, ambayo, kama mnavyokumbuka, haikuisha kwenye mwezi wa 18. Foleni ya sabuni alipanga yeye, mtoto mgongoni, mume hajulikani yuko wapi. Nishani ya foleni haipo.

Sasa tofauti ya nyumba hizi mbili ilitokana na makaratasi. Baba alikuwa na namba ya jeshi, barua za kupandishwa cheo, cheti cha kustaafu, nishani, vyote kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Alipostaafu alipata pensheni, tukasoma. Kaka yangu akaingia jeshini bila kusukumwa. Baba mdogo alikuwa na kadi moja ya mafunzo ya mgambo, na mchwa wakaila. Alipokwenda kuomba msaada wa matibabu kwenye ofisi moja, aliambiwa alete uthibitisho kwamba aliumia vitani. Akapiga eksirei kwa pesa ya mbuzi. Picha ilionyesha chuma, lakini haikuonyesha chuma kimetoka wapi, faili likaishia hapo. Watoto wake hakuna hata mmoja anayetaka kusikia habari za jeshi, na siwalaumu. Julai 25, Siku ya Mashujaa, wakati wengine tunatazama gwaride kwenye TV, wao wanakwenda shamba.

Kwa hiyo mkuu, kama mzee wako bado yupo, usianze na "uliua wangapi". Hilo swali linafunga mlango. Muulize walikula nini njiani, viatu vilidumu mpaka wapi, nani alitembea mbele yake na nani nyuma. Baba alifunguka kwa mara ya kwanza kwenye habari ya viatu, akatoka hapo mpaka Kampala. Akitaja majina, andika: jina, kijiji alichotoka, kikosi, kombania. Kwa aliyekuwa mgambo majina hayo yana uzito kuliko hadithi nzima, kwa sababu pale karatasi zilipopotea, shahidi aliyebaki ni mwenzake waliyekuwa naye handaki moja.

Sisi tuliyapata machache kabla baba mdogo hajafariki. Mmoja wa wenzake yuko Bunda, tumeongea naye kwa simu, kumbukumbu bado anayo ila masikio yamechoka. Mwingine alihamia upande wa Kahama na bado tunamtafuta. Kama kuna mtu humu mzee wake aliondoka Tarime na mgambo wa 1978 akapita Masaka na Lukaya, anitumie ujumbe.