Maswali na Majibu: Shilingi ya Waziri na salfa ya mkorosho

Barua za mwezi huu kutoka Kusini zinazunguka jambo moja. Mbunge kasimama Dodoma, kaisema Serikali kwa kupunguza fedha, meza zikagongwa, na huku nyumbani msimu ukaendelea bila kilichobadilika. Tumechagua sita.

Ndugu Mhariri, mbunge wetu alisema anashika shilingi ya Waziri kwa sababu ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Ni shilingi gani hiyo, na akiishika sisi tunapata nini? (Msomaji, Tandahimba)

Ni shilingi moja kwelikweli, ya mshahara wa Waziri. Ibara ya 99 ya Katiba inamzuia mbunge kuleta hoja ya kuongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Nyongeza lazima itoke kwa Rais kupitia kwa Waziri. Kupunguza hakukatazwi. Kwa hiyo mbunge anayetaka salfa iongezwe analazimika kupita mlango wa nyuma: anapendekeza Waziri apunguziwe shilingi moja, ili Waziri asimame na kujieleza kabla fedha za wizara yake hazijapita.

Hufanyika hivi. Mjadala wa hotuba ya wizara ukiisha, Bunge linageuka kuwa Kamati ya Matumizi. Mwenyekiti anaita vifungu kimoja kimoja. Mshahara wa Waziri umo katika kifungu cha Utawala, kwa kawaida 1001, na hapo ndipo mbunge anaposimama kutaka maelezo ya kisera. Asiporidhika anatoa hoja ya kushika shilingi. Wenzake wanasimama kuunga mkono, wachache wanachangia, Waziri anajibu. Mwisho wake ni mmoja kati ya miwili: mbunge anarudisha shilingi, au wabunge wanaulizwa wanakubali au wanakataa, na walio wengi wanaamua.

Yanayoharibika ni haya. Kwanza muda: saa ikifika, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila mjadala (wabunge huita gilotini), na hoja yako inaweza kufia hapo. Pili, kumshikia shilingi Waziri asiyehusika. Barabara ya kijijini iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na TARURA iko TAMISEMI (tawala za mikoa na serikali za mitaa), Fungu 56, yaani namba yake katika vitabu vya bajeti. Ukimbana Waziri wa Ujenzi, Fungu 98, atakujibu kwa upole kwamba si yake, na atakuwa amesema kweli. Tatu, na hili ndilo linalotuudhi zaidi, ni kurudisha shilingi kwa ahadi isiyo na tarehe. "Serikali imelipokea, tutalifanyia kazi" haimfungi mtu. "Mifuko ya salfa itakuwa ghalani kabla ya mwisho wa Mei" inamfunga, kwa sababu imeingia katika Taarifa Rasmi za Bunge, na mbunge anaweza kuifungua tena Juni. Usihesabu mara ngapi mbunge wako ameshika shilingi. Angalia ameirudisha kwa neno gani.

Mbunge anasema bajeti imepunguzwa, Waziri anasema imeongezeka. Nani mwongo? (Msomaji, Nachingwea)

Mara nyingi hakuna. Chukua mfano wa tarakimu nyepesi. Mwaka jana wizara iliidhinishiwa 100, zikatoka 60. Mwaka huu inaombewa 90. Waziri anapima 90 kwa 60 anaona nyongeza. Mbunge anapima 90 kwa 100 anaona punguzo. Kabla hujapiga makofi, uliza: kilichoidhinishwa au kilichotolewa?

Swali la pili ni la tarehe. Hotuba za wizara husomwa kuanzia Aprili, na takwimu za fedha zilizotolewa huishia Machi au karibu na hapo, yaani robo tatu za mwaka. Asilimia 60 mwezi Machi inamaanisha wizara iko nyuma kiasi, kwa kuwa kwa mwendo wa sawasawa ingekuwa 75. Asilimia 60 hiyo hiyo mwishoni mwa Juni ni pengo ambalo halitazibwa tena, maana mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30.

La tatu: fedha za ndani au za nje? Katika kitabu cha miradi ya maendeleo, kile cha nne, safu hizo zimetenganishwa. Fedha ya nje iliyoandikwa ni matarajio. Mfadhili akisita, Bunge letu halina la kumfanya. Wanaotaka kutazama wenyewe: Lindi ni Fungu 76, Mtwara ni Fungu 80, Kilimo ni 43.

Wanangu wa gazeti, zile kelele za 2018 za asilimia 65 ya ushuru wa korosho zilihusu nini hasa, na kwa nini wabunge wetu walishindwa na walikuwa wengi? (Mzee, Newala)

Shikamoo mzee. Hili ndilo tungependa kila mkulima wa Kusini alielewe, kwa hiyo tutakaa nalo.

Korosho ghafi ikisafirishwa nje ilitozwa asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, ipi iliyo kubwa. Fanya hesabu: tani ikiuzwa dola 1,500, asilimia 15 ni dola 225, na hizo ndizo zinazolipwa. Bei ikishuka chini ya kama dola 1,067, ndipo ile 160 inaposhika. Kifungu cha 17A cha Sheria ya Tasnia ya Korosho kiligawa makusanyo hayo: asilimia 65 kuendeleza zao, asilimia 35 Mfuko Mkuu wa Hazina. Katika mfano wetu, kila tani iliacha dola 146.25 kwenye zao: pembejeo, miche, utafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele.

Mwaka 2018 Serikali ilileta marekebisho ndani ya Muswada wa Sheria ya Fedha ili ushuru wote uingie Mfuko Mkuu. Wabunge wa Kusini wa CCM na wa upinzani walisimama pamoja, jambo lisiloonekana kila siku. Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini, ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti. Nape Nnauye wa Mtama naye alipinga waziwazi. Walidai pia kwamba mgawo wa nyuma, uliokwisha kukusanywa, haukuwa umepelekwa kwenye zao. Marekebisho yakapita.

Hoja ya Serikali ilikuwa kwamba fedha zote za umma zikae chungu kimoja na kila sekta ipangiwe humo. Kwa mhasibu hoja hiyo ina uzito. Kasoro yake ni kalenda, na bungeni kalenda ilizungumzwa kidogo kuliko asilimia.

Mkorosho wa Kusini unaanza kutoa maua Juni na Julai. Ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, unashambulia machipukizi na maua machanga, na salfa ya unga ni ya kuzuia: ua likishaungua, hata umwage gunia zima halirudi. Kipimo kinachofahamika ni gramu 250 kwa mti, mizunguko mitano, kila baada ya wiki mbili hivi. Hiyo ni kilo 1.25 kwa mti kwa msimu. Mfuko wa kilo 25 unatosha miti 20. Ekari iliyopandwa mita 12 kwa 12 ina miti 28 hivi, yaani kilo 35. Mwenye ekari tano anahitaji mifuko saba, na mizunguko miwili ya mwanzo ndiyo inayookoa maua mengi.

Sasa linganisha. Korosho husafirishwa zaidi kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, ushuru unakusanywa hapo. Mfuko wa zao ulio na fedha mkononi unaweza kuagiza salfa nje Februari au Machi, ikashuka bandarini Mtwara, ikafika AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) mwezi Mei. Fedha hiyo hiyo ikiingia Hazina, inasubiri bajeti mpya inayoanza Julai 1, kisha mgao wa robo mwaka, kisha zabuni. Hata asipunguze mtu hata senti, salfa inafika Septemba. Mkulima hapo ameshapoteza maua, au amekopa kwa walanguzi wa kangomba kwa korosho ambayo bado iko mtini. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, msimu uliofuata takriban 225,000. Hatusemi ushuru peke yake ndio sababu. Hali ya hewa ilikuwamo, na 2018/19 ndio msimu wa mgogoro wa bei ulioishia kwa Serikali kununua kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi kusomba mzigo.

Kwa nini walishindwa? Waliokuwa wakipigania zao walikuwa wachache ndani ya Bunge zima, na silaha ya shilingi haifiki pale. Kifungu cha sheria kinapingwa kwa jedwali la marekebisho na kura ya kifungu hicho, si kwa mshahara wa Waziri. Halafu bajeti yenyewe hupigiwa kura ya kuitwa kwa jina: ndiyo, hapana, au kutoamua. Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa bajeti ya Serikali. Mbunge wa chama tawala aliyesema maneno makali Jumatatu anajua jina lake litaitwa kwa sauti siku chache baadaye. Tusiwaonee: kusema lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini vita vya asilimia vilipaswa kuanza kwenye Kamati na Wizara mwezi Machi, na viambatane na kalenda ya salfa. Kudai "ni haki yetu" peke yake kulimrahisishia mpinzani. Angejibu tu kwamba pamba na kahawa nao wana haki.

Mbunge akiisema Serikali vikali anaweza kushtakiwa? (Msomaji, Mikindani)

Kwa aliyosema bungeni, hapana. Ibara ya 100 inalinda uhuru wa mawazo na majadiliano, na hayahojiwi mahakamani. Bunge lenyewe laweza kumwita kwenye kamati yake ya maadili. Akirudia maneno yale yale kwenye mkutano wa hadhara hapo Mikindani, kinga imebaki Dodoma. Chama ni habari nyingine: akivuliwa uanachama, Ibara ya 71 inamwondolea ubunge. Wengi huogopa hiyo kuliko mahakama.

Redioni nasikia maseneta wa Marekani wakiilaumu serikali yao kwa kukata fedha, hata za dawa za huku kwetu. Bunge lao si ndilo lenye mkoba? (Msomaji, Lindi Mjini)

Ndilo, na ndiyo maana wanalalamika. Kule Bunge la Congress hupanga fedha kwa sheria, na Rais anatakiwa azitumie. Sheria ya mwaka 1974 inasema Rais asiyetaka kutumia fedha fulani apeleke ombi la kuifuta; Congress isipokubali ndani ya siku 45 za vikao, fedha itolewe. Januari 20, 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya, na kufikia Julai 1 shughuli zilizobaki za USAID, shirika lao la misaada, zilikuwa zimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Wabunge wa upinzani wanadai fedha iliyokwisha kupangwa ilizuiwa nje ya utaratibu huo, na kesi zimefunguliwa.

Julai hiyo hiyo njia ya ombi ilitumika: dola bilioni 9 zikafutwa, nyingi za misaada ya nje, kwa kura 51 dhidi ya 48 katika Seneti. Pendekezo la awali lilikuwa bilioni 9.4. Dola milioni 400 za PEPFAR, mpango wa UKIMWI, ziliondolewa kwenye orodha ya kukatwa baada ya maseneta wa chama cha Rais mwenyewe kugoma. Tazama hapo: upinzani ulisema sana, lakini kilichookoa hizo ni kura chache za upande wa serikali, kwa kasma moja (mstari mmoja wa bajeti) iliyotajwa kwa jina.

Nataka kumwandikia mbunge ili akisimama awe na la kusema. Niandike nini, na lini? (Msomaji, Liwale)

Mfikie kabla ya Machi, kamati za kisekta zinapoanza kupitia makadirio. Barua ya Mei inamkuta hotubani. Atasoma jina la kijiji chako na kuketi.

Ukurasa mmoja, jambo moja. Andika idadi ya miti iliyosajiliwa katika AMCOS yenu, mifuko iliyotakiwa (miti gawanya kwa 20), mifuko iliyopokelewa, na tarehe ya kila mzigo kushuka. Tarehe zitoe kwenye hati za kupokelea mzigo ghalani, si kwa kukumbuka. Kama mtunza ghala hataki kuonyesha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inazitaka ofisi za umma kujibu ndani ya siku 30. Kwa fedha za kijiji, dai taarifa ya mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao unapaswa kuitwa kila miezi mitatu. Kama ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, imegusa halmashauri yenu, nukuu ukurasa. Ripoti hizo Rais hukabidhiwa mwishoni mwa Machi na huingia bungeni Aprili, kwa hiyo hiyo iende kama nyongeza.

Mstari wa mwisho uwe ombi lenye kasma na siku: "Tunaomba Waziri wa Kilimo atamke tarehe ya mwisho ya salfa kufika maghala ya Liwale." Nakala moja mpelekee diwani, na yako ibaki na mhuri wa kupokelewa.