Kuhusu bili ya umeme na vyombo kwenye sinki

Ndugu mwanafunzi,

Umeeleza kwamba umefika ugenini wiki tatu zilizopita, unaishi na wenzako wanne, vyombo vinalala kwenye sinki, na sasa unatakiwa kuchangia bili ya umeme ya mwezi ambao hukuwapo. Nimeishi katika nyumba za namna hiyo kwa miaka minne, na ningeanza na bili, kwa kuwa vyombo vinaweza kusubiri.

Omba kuiona bili yenyewe, uangalie tarehe za kipindi kinachodaiwa, kisha uisome mita na kuipiga picha, ili hesabu yako iwe na mwanzo unaojulikana. Mkataba nao usome upya: ikiwa mmetia saini mmoja kwa pamoja, mara nyingi mwenye nyumba anaweza kumdai yeyote kati yenu kodi ya aliyeshindwa kulipa; lakini ikiwa kila mmoja ana mkataba wake, kwa kawaida deni la mwenzako si lako. Piga picha pia godoro, kuta na kila doa chumbani mwako, usije ukakatwa amana kwa uharibifu ulioukuta.

Kuhusu vyombo, zungumza nao ana kwa ana mkiwa mmetulia. Mimi niliwahi kubandika karatasi ya malalamiko juu ya sinki, na nyumba nzima ikaninunia wiki mbili.

Ukitishiwa kufukuzwa, usitie saini chochote kabla ya kumwona mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwako au mwanasheria.