Mzee anajua madhara ya sigara, mbona haachi? Nilivyoliona nikiwa mvutaji na muuza duka

Dada uliyeuliza kuhusu baba yako, mwalimu mstaafu aliyefundisha baiolojia, akapata kiharusi chepesi na bado anazunguka nyuma ya nyumba kuvuta: nimesoma majibu uliyopewa. Wengi wanasema mzee ni mkaidi, au hajipendi, au hawapendi nyinyi wanawe. Naomba nipinge. Nimezaliwa Urambo kwenye mashamba ya tumbaku, nimevuta sigara sehemu kubwa ya ujana wangu, nikaacha, na nimekaa miaka mingi dukani karibu na stendi pale Tabora mjini nikiwahudumia wavutaji wa kila aina. Wakaidi niliowaona ni wachache sana. Wengi ni watu wanaotaka kuacha na wanashindwa.

Nianze na shamba, maana huko ndiko nilikoijua nikotini kabla sijashika sigara. Msimu wa kuchuma tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto bandani, unaangukia kwenye mvua. Unaingia shambani asubuhi, majani yamelowa, unayabeba kwapani na kifuani, shati linalowa nawe unalowa. Maji yale yanachukua nikotini kutoka kwenye jani na kuipitisha kwenye ngozi. Ikifika jioni unatapika, kichwa kinazunguka, chakula hukitaki. Nyumbani walikuwa wanasema ni uchovu, au malaria inanyemelea. Kumbe ni sumu ya nikotini, na inajulikana kwa wavunaji wa tumbaku kote duniani. Nalisema hili kwa sababu watu wanaizungumzia sigara kama tabia mbaya tu, sawa na kung'ata kucha. Kitu kinachoweza kumlaza kijana mwenye nguvu kwa kubeba majani mabichi tu, sio tabia. Ni dawa, na ni kali.

Sasa dawa hiyo ukiivuta kwa moshi, inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Ni upesi kuliko kuchomwa sindano ya mkononi. Ubongo unatoa dopamini, kemikali yake ya raha, unajisikia vizuri kidogo, na unakariri: hapa ndipo raha ilipotoka. Mvutaji wa pakiti moja kwa siku anapiga pafu kama 200, kwa hiyo somo hilo ubongo wake unalirudia mara 200 kwa siku, mwaka hadi mwaka. Hakuna kitu kingine ambacho mtu anajifunza kwa marudio ya namna hiyo, hata jina lake haliiti mara nyingi hivyo. Na ubongo unajirekebisha: sehemu zinazopokea nikotini zinaongezeka idadi, nazo zikikosa zinapiga kelele. Nikotini iliyomo kwenye damu inapungua nusu kila baada ya saa 2 hivi. Ndiyo maana usiku kucha bila sigara unamwamsha mtu akiwa tayari na arosto, yaani mateso ya kuikosa.

Hao wa arosto ya alfajiri niliwajua kwa mlio wa sarafu dirishani kabla sijafungua duka. Madereva, wapakiaji wa mizigo, mzee mmoja fundi cherehani aliyekuwa anakuja na kiberiti chake mkononi. Wataalamu wanasema mtu anayewasha ndani ya nusu saa baada ya kuamka ndiye aliyefungwa zaidi, nami kwa niliyoyaona naamini kabisa. Yule fundi kabla ya sigara alikuwa haongei, mikono inatetemeka, salamu anaitikia kwa shida. Akishapiga pafu mbili tatu anarudi kuwa yeye, anaulizia watoto, anacheka. Ukimuuliza atakwambia sigara inamtuliza. Na hasemi uongo, kwa sababu ndivyo anavyojisikia. Asichokiona ni kwamba ile hali ya kutetemeka imeletwa na sigara ya jana. Anatibu ugonjwa kwa kitu kilekile kinachouleta, na kila dozi inampa ushahidi mpya kwamba bila sigara hawezi. Watafiti waliowafuatilia walioacha wamekuta wasiwasi unapungua baada ya majuma kadhaa, hauongezeki. Lakini mwambie hivyo mtu aliye kwenye siku ya pili bila sigara uone kama atakuelewa.

Kuna jambo jingine ambalo huwezi kuliona mpaka ukae dukani. Mnasema onyo lipo kwenye pakiti. Ni kweli lipo. Wateja wangu wengi hawakununua pakiti, walinunua moja moja. Pakiti ilikaa upande wangu wa kaunta. Wao walipokea sigara moja, wakawashia hapo hapo, wakaondoka. Onyo nililisoma mimi. Kununua moja moja pia kunamfanya mtu asijue anatumia kiasi gani. Shilingi mia kadhaa asubuhi, nyingine mchana, nyingine jioni, hakuna siku inayouma. Angelipa za mwezi mzima kwa mkupuo angeshtuka.

Halafu madhara yanachelewa mno. Mwaka 1950 watafiti wawili Waingereza, daktari Richard Doll na mtakwimu Austin Bradford Hill, walichapisha utafiti uliounganisha sigara na saratani ya mapafu. Doll mwenyewe alikuwa anavuta, akaacha kutokana na matokeo yale. Kwa hiyo sisemi elimu haina kazi, inawapa watu sababu ya kutaka kuacha. Ila kati ya kutaka na kuweza kuna mwanya mkubwa, na Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50. Walikuta wavutaji wa kudumu wanakufa mapema kwa takribani miaka 10. Hao ni madaktari! Walijua kuliko baba yako na mimi, na wapo walioendelea. Adhabu ya kesho kutwa haishindani na nafuu inayofika baada ya sekunde 10.

Msisahau pia waliouzuia ukweli huu usijulikane. Mwaka 1988 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa ripoti iliyosema wazi kwamba nikotini inamfanya mtu kuwa mtumwa wake. Mwaka 1994 wakuu 7 wa kampuni kubwa za tumbaku za nchi hiyo walikaa mbele ya kamati ya bunge, wakala kiapo, wakasema hawaamini kwamba ina uraibu. Watu wenye uwezo ule wote wamefanya kazi miaka mingi ili mzee kama wako asitoke, halafu sisi tunamlaumu yeye peke yake kwa kukosa msimamo. Inaniuma sana.

Kisha kuna suala la mapumziko. Mlinzi wa usiku niliyekuwa namuuzia aliniambia bila sigara hana namna ya kuugawa usiku. Lindo halina chai, halina mtu wa kuongea naye, hawezi kuondoka. Sigara ndiyo mapumziko pekee ambayo bosi hamkatazi. Mpakiaji wa mizigo akikaa tu ataambiwa mvivu, akiwa na sigara mkononi anaachwa amalize. Ukimwambia aache unamnyang'anya na mapumziko, na hujampa kitu badala yake. Kwa mstaafu ni vivyo hivyo: siku ndefu, kengele ya kipindi hakuna, wanafunzi hawapo, sigara ndiyo imebaki kuipangia siku ratiba.

Mtu atauliza, mbona Waislamu wavutaji wanamaliza mchana mzima wa Ramadhani bila pafu hata moja? Wanamaliza, nami nimewaona. Mwezi ule nyumba nzima na mtaa mzima umefunga, hakuna anayekuwashia usoni, na moyo umeshakubali kwamba kabla ya magharibi haiwezekani. Ikikaribia adhana ndipo hamu inapanda, na wapo wanaofuturu kwa tende na sigara. Mimi hapo naona kwamba mwili unaweza kuvumilia saa nyingi pale mazingira yanapomsaidia mtu. Nyumbani kwenu, dada, mazingira yanamsaidia au yanamsukuma kwenda kujificha?

Nakuuliza kwa sababu umeandika kwamba mnampigia kelele, na mdogo wako alimvunjia sigara mbele ya wageni. Mzee aliyefedheheshwa anafanya nini? Anatafuta cha kumtuliza, na anacho kimoja tu. Fundi wangu wa cherehani aliacha, na aliyemsaidia ni mkewe, ambaye hakuwahi kumsema mbele za watu. Alimuuliza tu ni sigara ipi ya siku iliyo ngumu zaidi kuikosa. Ilikuwa ya alfajiri. Wakaanza kuamka pamoja, wakitembea hadi msikitini na kurudi, na uji ukawa tayari wakifika. Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya sana, hasira juu juu, usingizi hakuna. Kwangu pia zilikuwa hivyo, na kwa watu wengi kilele ni hapo, kisha inaanza kulegea, ingawa hamu hurudi rudi kwa majuma. Alirudia kuvuta msiba wa kaka yake, akaacha tena. Wengi huacha mara kadhaa kabla haijashika, msije mkamwambia mmejua tu atashindwa.

Kwa umri wake msikate tamaa. Utafiti ule wa Doll ulionyesha hata anayeacha akiwa na miaka 60 anajipatia wastani wa miaka 3 ya kuishi, na kwa aliyewahi kupata kiharusi kuacha kunapunguza hatari ya kingine. Mkienda kliniki ya kiharusi mwambieni daktari waziwazi kwamba bado anavuta, na muulize kuhusu bandiko au bigijii ya nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, kwa hiyo msione aibu kuziomba kama dawa nyingine yoyote. Daktari aamue kinachomfaa kwa hali yake.

Na umesema mzee anapenda kahawa. Moshi wa sigara unaufanya mwili uiondoe kafeini haraka, kwa hiyo akiacha kuvuta na akanywa vikombe vilevile, kafeini itamzidi, atapata kiherehere cha moyo na kukosa usingizi, naye atadhani ni sigara anayoikosa. Wiki hiyo mpunguzieni iwe nusu.