Fundi Anajibu: Simu Zinazopigwa Ofisi Ikiwa Imefungwa

Safari hii barua karibu zote zinahusu mitambo ya simu za ofisini na watu wanaoitumia bila kualikwa. Nimezifupisha nyingine, maana wasomaji wangu wakiibiwa huandika kurasa.

Fundi, bili ya mwezi uliopita imenitoa jasho. Kuna maelfu ya dakika kwenda visiwa ambavyo hatuna mteja hata mmoja, zote Jumamosi na Jumapili. Nani huyo anayeongea kiasi hicho, na anapata nini? – Mhasibu

Haongei mtu, ndugu yangu. Ungezisikiliza simu hizo ungekuta muziki, rekodi inayojirudia au kimya. Mwizi hana shida na mazungumzo, anataka dakika zihesabiwe. Simu ya kimataifa hupita kwenye mikono ya kampuni kadhaa na kila moja hukata chake, hadi kumfikia mwenye namba inayopigiwa, ambaye naye ana fungu. Basi mwizi hukodi namba za nauli ghali, kisha anaufanya mtambo wako uzipigie usiku kucha. Bili inakuja kwako, fungu linakwenda kwake.

Chukua kalamu. Ofisi yenye laini 30 ikifungwa Ijumaa saa 12 jioni na kufunguliwa Jumatatu saa 2 asubuhi, hapo katikati kuna saa 62. Laini zote zikiwa kazini mfululizo, ni dakika 111,600. Zidisha kwa nauli ya nchi iliyo ghali kuliko zote kwenye orodha ya kampuni yako ya simu, halafu utaelewa kwa nini wezi hawa wanapenda sikukuu kuliko watoto wa shule.

Suala la nani alipe limo kwenye mkataba, na mikataba mingi inasema simu iliyotoka kwenye mtambo wako ni deni lako. Lalamika mapema, huenda wakakupunguzia, ila usiliweke tumaini hilo kwenye bajeti. Leo hii waombe wafunge nchi zote msizopigia na waweke kikomo cha matumizi kwa siku. Kikomo kiwe upande wao. Ukikiweka kwenye mtambo wako peke yake, aliyeingia ndani atakiondoa kama ulivyokiweka.

Kuna mtego mmoja. Wengi hufunga nchi zote wakaacha +1, wakidhani ni Marekani na Kanada tu. Jamaika imo humo, na Jamhuri ya Dominika, na visiwa vingine vingi vya Karibi. Funga kwa tarakimu zinazofuata pia: 876, 809 na wenzao.

Fundi, alipiga mwanamume akasema yeye ni wa kampuni ya simu, anapima laini. Akaniomba nimhamishie kwenye 9, kisha 0, kisha alama ya reli. Nikakata. Nilikosea? – Mapokezi

Hukukosea hata kidogo, dada. Kwenye mitambo ambayo 9 ndiyo inayotoa laini ya nje, ungekuwa umemkabidhi laini hiyo, na kutoka hapo angepiga atakako kwa gharama ya ofisi. Si kila mtambo unaokubali mchezo huo, lakini mapokezi si mahali pa kufanyia majaribio. Akipiga tena, chukua jina lake, kata, kisha wewe upige namba iliyo kwenye mkataba. Fundi wa kweli hatanuna.

Bosi wangu amekataa kubadilisha namba ya siri ya kisanduku chake cha ujumbe wa sauti. Ni 1234. Anasema hana ujumbe wa siri. – Msaidizi wa ofisi

Mwambie hakuna anayetaka kumsikiliza. Katika mitambo mingi, mtu akishaingia kwenye kisanduku anaweza kumpigia aliyeacha ujumbe, au kupiga namba ya nje, au kuelekeza simu za bosi kwenye namba nyingine. Mwizi anaiacha namba yake ya ng'ambo kama ujumbe, anaingia kwa 1234, anabonyeza "mpigie aliyeacha ujumbe", na simu inatoka kwa jina la kampuni.

Mpe suluhisho asiloweza kulikataa: fundi azime kupiga nje kupitia kisanduku kwa wote, aweke namba ya siri ya tarakimu 6 au zaidi, na kisanduku kijifunge baada ya makosa matatu. Tarakimu 4 ni chaguo 10,000 tu, na kompyuta haichoki. Visanduku vya walioacha kazi vifutwe. Vingi bado vina namba ya siri ya siku ya kwanza.

Kumbukumbu za seva yetu ya simu zimejaa majaribio ya kujisajili: 100, 101, 102, na kuendelea, kutoka nchi tusizozijua. Nikihamisha poti 5060 kwenda nyingine, nitakuwa nimemaliza? – Kijana wa TEHAMA

Utapunguza kelele, kazi itabaki. Hizo ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikibisha hodi kwenye 5060, poti (mlango wa mtandao) ya kawaida ya SIP, utaratibu wa kupiga simu kwa intaneti. Zinaanza kwa kuuliza namba zipi za ndani zipo. Seva isiyowekwa vizuri hujibu "namba hii haipo" kwa moja na "nywila si sahihi" kwa nyingine, na hapo imeshamtajia mwizi wakazi wote wa nyumba. Kwenye matoleo ya zamani ya Asterisk, programu ya kuendeshea mtambo wa simu, kuna mpangilio uitwao alwaysauthreject unaofanya jibu liwe moja kwa wote. Hakikisha umewashwa.

Nami nilishaungua. Miaka ya nyuma nilimfungia mteja mtambo, nikatengeneza namba ya majaribio 999, nywila 999, nikasahau kuifuta. Simu zikapigwa wikiendi nzima. Jumatatu mteja aliniuliza swali moja tu: "Huyu 999 anakaa chumba kipi?"

Kwa hiyo, kijana wangu: nywila ndefu zisizotabirika, kila simu na yake, zisifanane na namba ya ndani. Ukutamoto, yaani kichujio cha mawasiliano ya mtandao, uruhusu anwani za kampuni yako ya simu na ofisi zako tu, na wanaofanya kazi nyumbani waingie kwa VPN, njia iliyofichwa ndani ya intaneti. Anayekosea mara kadhaa azuiwe; fail2ban hufanya kazi hiyo vizuri. Ukurasa wa usimamizi wa mtambo usionekane kabisa kutoka nje, na masasisho yasisubiri mwisho wa mwaka.

Halafu nenda kakague kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau: mahali simu za mezani zinapochukua mipangilio yake zinapowashwa. Mara nyingi ni faili yenye jina la anwani ya MAC ya simu (namba ya utambulisho ya kila kifaa), na ndani yake nywila imeandikwa waziwazi. Nusu ya kwanza ya MAC humtaja mtengenezaji, kwa hiyo mwizi anayejua aina ya simu zenu anabahatisha nusu tu. Kama folda hiyo inafunguka kutoka intaneti, nywila zako ndefu zote ni kazi bure.

Mtambo wangu ni wa zamani, haujaunganishwa na intaneti. Hayo hayanihusu, au vipi? – Mwenye kampuni

Yanakuhusu, mzee. Wizi wa simu ni wa zamani kuliko intaneti tunayoijua; Marekani vijana walikuwa wakizihadaa laini za masafa marefu kwa mlio wa hezi 2600 tangu miaka ya 1960. Kwako wewe tazama vitu viwili: modemu ya matengenezo aliyoiacha fundi ili aingie kwenye mtambo kwa kupiga simu, na huduma ya DISA, inayomruhusu aliye nje kupiga ofisini, kuingiza namba ya siri na kupewa laini ya kutoka. Kama hakuna anayeitumia, izimwe. Modemu ichomolewe hadi siku ya matengenezo.

Namba ya mkurugenzi ilionekana kwenye simu yangu, sauti si yake, akitaka malipo ya haraka. – Fedha

Namba inayoonekana inaweza kughushiwa. Kata, mpigie mwenyewe kwa namba uliyonayo.

Nikigundua Jumamosi usiku kwamba wako ndani sasa hivi, nianze na nini? – Mlinzi wa mitambo

Anza na kampuni ya simu: wafunge simu za kimataifa papo hapo. Usikimbilie kuzima seva. Kwanza nakili kumbukumbu za simu na za kuingia, kisha chomoa waya wa intaneti. Kama ofisi ina watu, wape njia nyingine ya kupiga namba za dharura kabla hujachomoa. Halafu badilisha nywila zote, si ile iliyotumika tu, na upekue kila namba ya ndani ukitafuta simu zilizoelekezwa nje na watumiaji usiowatambua. Mwizi mzoefu huacha mlango wa pili.

Na namba ya zamu ya usiku ya kampuni ya simu ibandike leo, kwenye karatasi, ndani ya mlango wa chumba cha mtambo. Iliyohifadhiwa kwenye simu ya meneja aliye likizo haitakufaa saa nane za usiku.