Mwaka wa baiskeli kuukuu: anzia gurudumu la nyuma

Ndugu, umeuliza baiskeli yako kuukuu iliyong'oka nembo ni ya mwaka gani na nani aliitengeneza. Namba uliyoikuta chini ya kiti peke yake haitakufikisha mbali. Raleigh, kampuni ya baiskeli ya Uingereza, kwa mfano, walipanga namba za fremu kwa namna inayowachanganya hata wajuzi.

Umesema gurudumu la nyuma lina gia tatu za ndani. Basi futa grisi pale katikati kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Kama ni ya Sturmey-Archer, watengenezaji wa gia za baiskeli, utaona herufi za aina ya gia, kama AW, na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma: 58 na 7 maana yake Julai 1958. Hiyo ni tarehe ya gia, si ya baiskeli, maana magurudumu hubadilishwa. Ila rimu na spoki za nyuma zikifanana na za mbele, mimi ningeuamini huo mwaka, au unaofuata.

Kuhusu nembo iliyong'oka, angalia gia kubwa ya pedeli. Vichwa vya korongo ni Raleigh. Herufi BSA, kampuni nyingine ya baiskeli ya Uingereza, zisikudanganye haraka, kwani BSA waliwauzia watengenezaji wengine vipuri.

Na tafadhali, usiipige msasa wala rangi kwanza! Mabaki ya maandishi kwenye fremu ni ushahidi pia.