Kuolewa hakukuondolei urithi

Waalaykum salaam dada. Kaka zako wanaposema nyumba ya marehemu baba hapo Mombasa haikuhusu kwa kuwa umeshaolewa, hayo ni mazoea ya watu, si sheria ya Kiislamu. Suratun Nisaa, aya ya 11, inakupa nusu ya fungu la kaka yako. Mama yenu naye ana thumuni yake, yaani sehemu moja ya nane, aya ya 12. Madeni na wasia wa marehemu hutangulia kabla ya kugawana. Mahari yako haihesabiwi humo, ni mali yako.

Usitie sahihi karatasi yoyote "ya kurahisisha mambo". Chukua cheti cha kifo na nakala ya hati ya nyumba, nenda Mahakama ya Kadhi ufungue shauri la mirathi. Wakishapata mnunuzi, usingoje kikao cha ukoo: muone wakili haraka aombe zuio la mauzo.