Bei ya Asiye na Bima

Sanduku letu mwezi huu limejaa bili za hospitali kutoka kwa wasomaji walioko Marekani. Majina ya hospitali tumeyaacha, kwa kuwa tatizo si la hospitali moja.

Nilikaa idara ya dharura kwa muda wa saa saba na maumivu ya tumbo: nikapimwa damu, dripu moja, picha ya CT. Bili imekuja dola 11,400. Mwenzangu kazini alifanyiwa hayo hayo pale pale, bima yake ikalipa chini ya dola 4,000 na mambo yakaisha. Mimi sina bima. Nimeibiwa? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Kisheria hujaibiwa, ndugu yetu, na hapo ndipo penye kidonda. Kila hospitali ya Marekani ina orodha yake kuu ya bei, yenye maelfu ya mistari, kuanzia kidonge kimoja cha maumivu hadi muda wa chumba cha upasuaji. Karibu kote nchini, bei hizo inajipangia yenyewe. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, haihangaiki nazo. Ina viwango vyake na ndivyo inavyolipa. Kampuni za bima nazo hufika mezani na wateja wengi nyuma yao, zikakatiwa punguzo. Anayeachiwa bei ya orodhani ni aliyekuja peke yake, tena usiku, tena akiugulia. Gerard Anderson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins aliwahi kulipima pengo hilo: mwaka 2004, wasio na bima walitozwa takriban mara 2.5 ya kiasi kilicholipwa na kampuni za bima.

Serikali ilipozianika bei za orodha hizo Mei 2013, upasuaji wa kubadilisha kiungo, goti au nyonga, ulikutwa ukitozwa kama dola 5,300 katika mji wa Ada, Oklahoma, na dola 223,000 huko Monterey Park, California. Goti ni goti. Basi ichukue ile 11,400 kama bei ya kutajiwa tu. Mapatano yapo, ila hakuna atakayekuambia kuwa yapo.

Bili yangu ina mistari minne: "Dharura", "Maabara", "Dawa", "Mengineyo". Nitajuaje kama ni sahihi? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

Huwezi kujua, na karatasi hiyo haikuandikwa ili ujue. Ni muhtasari. Usilipe kitu kwanza, na zaidi ya yote usiihamishie kwenye kadi ya mkopo, maana deni la hospitali likishageuka deni la kadi, kinga zote tutakazozitaja hapa chini zinaondoka nalo.

Omba kwa maandishi mchanganuo kamili: kila huduma, tarehe yake, idadi, bei, na nambari ya tarakimu 5 inayoitambulisha huduma hiyo. Papo hapo omba faili lako la matibabu. Chini ya HIPAA, sheria ya taarifa za wagonjwa, hospitali ina siku 30 kujibu ombi hilo. Vikifika vyote, vitandaze mezani na uvisome sambamba.

Anza na mlango wa dharura. Hutozwa kwa ngazi 5, kuanzia 99281 hadi 99285, na ngazi ya juu ni ya mgonjwa ambaye hali yake ilihitaji uamuzi mgumu wa kitabibu. Kama ulishonwa kidole ukaenda zako nyumbani na bili inasema 99285, uliza kwa barua ni maelezo gani ndani ya faili yanayoihalalisha ngazi hiyo.

Kisha dripu. Nambari 96360 ni ya saa ya kwanza ya maji ya mshipani, na haitozwi ikiwa maji yamekwenda dakika 30 au pungufu. 96361 ni ya kila saa inayoongezeka. Tazama maandishi ya muuguzi: ilifunguliwa saa ngapi, ikafungwa saa ngapi? Saa ya kufunga husahaulika kirahisi, muuguzi akiwa ameshaitwa kitanda kingine. Ikiwa haikuandikwa, saa za nyongeza walizokutoza hazina ushahidi.

Halafu damu. 80053 ni kifurushi cha vipimo 14 ndani ya nambari moja, sukari na kreatinini (kipimo cha figo) zikiwemo. Ukiiona hiyo, kisha chini yake ukaona 82947, ambayo ni sukari, na 82565, ambayo ni kreatinini, kwa sampuli ileile ya saa ileile, umetozwa mara mbili.

Jingine linalowachanganya wengi: bili ya hospitali si bili ya daktari. Daktari wa dharura, msomaji wa picha na mtaalamu wa usingizi huenda wote ni wa kampuni nyingine, nao wataleta karatasi zao wiki kadhaa baadaye.

Tuko wanne nyumbani, mume wangu hana kazi, mimi napata dola 3,900 kwa mwezi kabla ya kodi. Mtu wa malipo aliniambia kipato changu ni kikubwa mno kusaidiwa. (Mama, Aurora, Colorado)

Dada, alikukosea. Kokotoa hivi: 3,900 mara 12 ni 46,800. Kiwango cha umaskini cha serikali ya shirikisho kwa familia ya watu 4, kwa mwaka 2025, kilikuwa dola 32,150. Gawanya, utapata kama asilimia 146. Sheria ya Colorado, inayofanya kazi tangu Septemba 2022, inawafikia wote hadi asilimia 250, na ni wajibu wa hospitali kumpima kipato asiye na bima, si hisani. Ukiwa ndani ya kiwango hicho, hospitali haiwezi kukudai zaidi ya asilimia 4 ya kipato cha mwezi, kwako ni dola 156. Daktari anayetoza kivyake, asilimia 2, yaani dola 78. Ukishalipa miezi 36, deni limekwisha hata kama hesabu yao inasema bado.

Kwa wasomaji wa majimbo mengine, tegemeo ni kifungu cha 501(r) cha sheria ya kodi, kilichoingizwa na sheria ya bima ya afya ya 2010. Kinazibana hospitali zisizolenga faida, na hizo ndizo nyingi. Lazima ziwe na sera ya msaada wa kifedha iliyoandikwa na kuwekwa mtandaoni. Anayestahili msaada hatozwi zaidi ya kile ambacho wenye bima hutozwa kwa kawaida. Siku 120 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali, haziruhusiwi kukushtaki, kukukata mshahara wala kukuripoti kwa kampuni za rekodi za mikopo. Na fomu yako lazima waipokee hadi siku ya 240.

Ambatisha vielelezo vinavyotajwa kwenye fomu: hati za mshahara, ritani ya kodi, barua ya mwajiri. Hawaruhusiwi kukunyima kwa kukosa karatasi ambayo sera yao wenyewe haikuitaja. Ikiwa ulishalipa kisha ukakubaliwa, kilichozidi wanakurudishia. Ndani ya sera hiyohiyo tafuta orodha ya madaktari wanaoifuata na wasioifuata. Watu hawaisomi, halafu hushangaa msamaha umeipata bili moja tu kati ya tatu.

Makosa yanayoangusha maombi ni madogo madogo. Ukurasa wa pili haukusainiwa. Watu wa nyumbani wamehesabiwa pungufu, na familia ikaonekana tajiri kuliko ilivyo. Au fomu ilikabidhiwa dirishani bila nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mama yangu hajui Kiingereza. Binti yangu wa miaka 14 ndiye anayemtafsiria hospitali na kwenye simu za malipo. (Msomaji, Portland, Maine)

Mpumzisheni mtoto. Hospitali inayopokea fedha za serikali ya shirikisho lazima impe mama mkalimani bila malipo, Kiswahili kikiwemo, na haipaswi kumtumia mtoto mdogo ila katika dharura ya kweli. Muhtasari wa sera ya msaada nao lazima utafsiriwe ikiwa wasemaji wa lugha hiyo wasiomudu Kiingereza wamefika 1,000 au asilimia 5 ya jamii inayohudumiwa, kiasi kipi kiwe kidogo. Uulizieni.

Sina bima wala karatasi za uhamiaji. Wanaweza kunirudisha mlangoni? (Ameomba tusitaje mahali)

Idara ya dharura haiwezi. Sheria ya EMTALA ya 1986 inailazimu hospitali inayopokea malipo ya Medicare kumchunguza kila anayefika na kuituliza hali yake kwanza. Ila haikusema bure, bili itakufuata. Ndiyo maana uiulize hospitali kuhusu Medicaid ya dharura (Medicaid ni bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo), ambayo hulipia matibabu ya aina hiyo kwa mtu ambaye angestahili Medicaid kama si suala la uhamiaji. Katika majimbo mengi Medicaid inaweza kurudi nyuma hadi miezi 3 kabla ya mwezi wa kuomba. Usichelewe: sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inaukata muda huo kuwa mwezi 1 kwa baadhi ya watu na miezi 2 kwa wengine, kuanzia Januari 2027.

Natakiwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri mwezi ujao, nitalipa mwenyewe. Nijikinge vipi mapema? (Msomaji, Phoenix, Arizona)

Dai makadirio ya gharama kwa maandishi. Tangu Januari 2022 ni haki ya asiye na bima. Miadi ikiwekwa siku 3 hadi 9 za kazi kabla, wakupe ndani ya siku 1 ya kazi. Ikiwa ni siku 10 au zaidi, ndani ya siku 3. Bili ya mwisho ikizidi makadirio ya mtoa huduma huyo kwa dola 400 au zaidi, una siku 120 tangu tarehe ya bili kufungua shauri la usuluhishi kwa ada ya dola 25. Angalia kama mtaalamu wa usingizi yumo kwenye karatasi hiyo. Hayumo? Mwombe ya kwake kando, kwa sababu hapo ndipo makadirio huvuja.

Kama haya yote yanajulikana, kwa nini wabunge hawaweki kikomo cha bei? (Mzee wa jumuiya, Minneapolis, Minnesota)

Vikomo vipo, mzee wetu, ila vimeshonwa viraka viraka. Maryland ina tume ya serikali, iliyoundwa 1971, inayopanga bei za hospitali, na mwenye bima na asiye nayo hukuta bei ileile. New Jersey, kwa sheria ya 2008, asiye na bima aliye chini ya asilimia 500 ya kiwango cha umaskini hatozwi zaidi ya asilimia 115 ya kile ambacho Medicare ingelipa. California ina kikomo chake tangu 2007. Ukivuka mpaka wa jimbo, kinga unaiacha nyuma.

Kongresi haiwezi kusema haikujua. Hospitali zilikuwa zikijitetea kwamba kanuni za Medicare zinazizuia kuwapunguzia wasio na bima. Februari 2004 waziri wa afya, Tommy Thompson, akazijibu kwa barua kuwa hakuna kanuni ya namna hiyo. Juni mwaka huohuo kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi ikawahoji wakuu wa hospitali kuhusu bei hizi hizi. Kikomo hakikuja. Miaka 6 baadaye ikaja 501(r), ambayo inaiamuru hospitali iwe na sera bila kusema sera hiyo imsaidie nani. Hospitali ikiandika kwamba inamsaidia tu aliye chini kabisa ya mstari wa umaskini, imetii sheria. Zile za kibiashara hazimo kabisa.

Adhabu nayo ni rungu zito lisilonyanyuka: kufutiwa msamaha wa kodi. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, iliripoti mwaka 2020 kwamba kwa miaka 10 mamlaka ya kodi haikuwa imemfutia yeyote kwa kosa la kutoifaidisha jamii vya kutosha. Tangu Januari 2021 bei lazima ziwekwe mtandaoni, ikiwemo ya anayelipa taslimu. Zitumie, ni silaha nzuri ya kubembelezea punguzo. Lakini kuianika bei si kuishusha. Na sababu haiko mbali: katika miji mingi hospitali ndiyo mwajiri mkubwa, kwa hiyo mbunge anayeigusa anagusa mishahara ya wapiga kura wake. Wasio na bima hawana chama wala ofisi Washington.

Bili ya miezi mitano iliyopita imepelekwa kwa wakusanya madeni. Nimechelewa? (Fundi, Houston, Texas)

Ikiwa hospitali ni isiyolenga faida, bado uko ndani ya siku 240. Peleka fomu kamili hospitalini leo. Ikishapokelewa lazima wasimamishe hatua za kukukamua hadi waamue. Upande wa mkusanya madeni, una siku 30 tangu upate taarifa yake kulipinga deni kwa maandishi na kudai athibitishe. Usimtumie "kidogo cha kuonyesha nia", kwa sababu katika baadhi ya majimbo malipo hayo huufufua muda wa kushtaki uliokuwa unaisha.

Deni la afya lililo chini ya dola 500 halionekani kwenye rekodi za mikopo tangu Aprili 2023, na kubwa zaidi husubiri mwaka mmoja. Kanuni ya shirikisho iliyotaka kuyaondoa yote ilifutwa na mahakama huko kwenu Texas Julai 2025.

Texas hairuhusu mshahara kukatwa kwa deni kama hili, ila hukumu ikitoka, akaunti ya benki inaweza kukamatwa. Kwa hiyo ukiletewa wito usiuweke kwenye droo. Katika mahakama za chini za jimbo hilo, zinazosikiliza madai yasiyozidi dola 20,000, una siku 14 kuwasilisha jibu la maandishi. Andika kwamba unabishia kiasi, ambatisha mchanganuo na nakala ya fomu ya msaada, na ubaki na nakala yenye muhuri.